Kamera chini kwanza: safari ya huduma kutoka Namanga hadi Machame

Mwanafunzi tuliyefuatana naye anasoma upigaji picha Nairobi. Amelelewa katika kanisa la Kipresbiteri, na muda wake wa mafunzo kwa vitendo aliomba autumie ng'ambo ya mpaka, kwenye kazi ya diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, ya usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) upande wa Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Usharika ulihitaji picha za taarifa ya mwaka na za kalenda. Yeye mwenyewe ameomba jina lake lisiandikwe, na usharika nao tunauacha bila jina. Maelezo haya yamekusanywa baada ya kurudi nyumbani Arusha, kutoka daftari lake, daftari letu, na saa zilizojiandika ndani ya picha. Bei ni tulizolipa. Mafuta yakipanda, nanyi ongezeni. Saa zote ni za Kiswahili.

Jumatano: Namanga hadi Arusha

Matatu ya Nairobi hadi Namanga ilimla shilingi 700 za Kenya. Yapo magari madogo ya abiria yanayofika Arusha moja kwa moja. Nauli yake ni kubwa mara kadhaa, ila dereva hukusubiri mpakani, na mzigo hauhami gari. Mwenye lenzi na kompyuta afikirie hilo kabla ya kufurahia nauli rahisi.

Namanga ni kituo cha pamoja, kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018. Anayeingia Tanzania huenda moja kwa moja kwenye jengo la upande wa Tanzania, akagongewa kutoka Kenya na kuingia Tanzania humo humo. Pasipoti mkononi, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano nayo mkononi. Chanjo huhesabika kuanzia siku ya kumi baada ya kudungwa, kwa hiyo asije mtu akachanjwa jana akidhani amemaliza.

Kwenye karatasi ndipo vijana wengi wa huduma hukwama. Mkenya hahitaji viza, lakini kutohitaji viza si ruhusa ya kufanya kazi, hata ya kujitolea, hata ya kanisa. Kibali cha ukaazi cha daraja C ndicho kinachowahusu wanafunzi, wamisionari na wanaojitolea, na maombi yake huanzia kwa mwenyeji, si kwa mgeni. Usharika ulianza kushughulikia mapema, basi dirishani maswali yakawa machache. Ukisema "nimekuja kutembea tu" huku umebeba kamera mbili na barua ya mchungaji, umejitafutia maswali mwenyewe.

Forodhani alitoa orodha iliyochapwa: kamera mbili, lenzi ya milimita 35, ya 50 na ya 85, flashi moja, kompyuta, diski mbili, kila kimoja na namba yake ya kiwandani. Nakala zilikuwa mbili. Moja iligongwa muhuri akaitunza, na siku ya kurudi ndiyo iliyomwokoa kueleza alinunua wapi nini. Basi kubwa lilikuwa limetangulia, foleni ikatuchukua karibu saa mbili. Kamera ilibaki begini muda wote. Mpakani, kituo cha polisi, kambi ya jeshi na daraja kubwa havipigwi picha, na akina mama wa shanga wanaokuzunguka nje wana haki ya kuulizwa kama mtu mwingine yeyote.

Noah ya kwenda Arusha ilikuwa shilingi 8,000 za Tanzania, na Noah haina ratiba, huondoka ikijaa. Dereva alipoona begi la kamera likielekea kwenye keria alilitwaa na kulisukuma chini ya kiti chake. "Vumbi la juu halina adabu, dada," alisema, wala hakudai nyongeza.

Ni kilomita 110 hivi hadi Arusha, lami nzuri, matuta mengi vijijini. Longido tulisimama kidogo. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka nyikani, mwanafunzi akashuka na kubadilisha lenzi pale pale kando ya barabara akiwahi mbuzi waliokuwa wakivuka. Usiku Arusha, alipokuza picha za mawingu juu ya mlima Meru, madoa ya kijivu yalikuwa yamejaa angani. Madoa ya vumbi kwenye kihisi, kile kibapa cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, hayaonekani ukipiga kwa f/2.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana. Ukifika f/11 na kuendelea, tundu likiwa dogo, ndipo yanapotokea yote. Dawa yake ni pampu ya mpira ya kupulizia hewa, kamera ikitazama chini ili vumbi lianguke. Usipulize kwa mdomo, mate hukauka na kuganda. Na kwenye njia hii, funga lenzi moja asubuhi uvumilie nayo hadi jioni. Kama una kamera mbili, kila moja ibaki na lenzi yake.

Chakula cha usiku: chipsi mayai na mishikaki miwili, 4,500. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, basi kanunue kwenye duka la kampuni yenyewe, si kwa kijana wa mwavuli.

Alhamisi: Arusha, Akeri, Moshi

Tulipitia Akeri, upande wa Tengeru, kwa sababu historia ya Ulutheri wa kaskazini haielezeki bila pale. Wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapo Oktoba 1896, pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Jeshi la Wajerumani chini ya Kapteni Johannes likaja kulipiza, likaua Wameru na Waarusha wengi na kuswaga mifugo yao. Miaka michache baadaye, 1902, misheni ilianzishwa Nkoaranga, jirani tu na palipomwagika damu, na watu wakabatizwa. Mwanafunzi alipiga picha mbili akaketi. Daftari lake la siku ile lina swali moja tu: katika habari hii, nani alipigwa picha, na nani hakupigwa? Swali hilo lilimfuata hadi mwisho wa safari.

Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, Coaster 4,000. Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, Boma Ng'ombe, kisha mashamba hadi Moshi. Kaa upande wa kushoto wa gari kama unautaka mlima Kilimanjaro, lakini usitegemee kitu baada ya saa nne asubuhi. Kibo, kilele chake, hufunikwa na mawingu mapema na kufunuka tena jioni, siku nyingine isifunuke kabisa.

Tulilala hosteli ya kanisa mjini Moshi, 25,000 na chai ya asubuhi ndani yake. Soketi ni za Kiingereza, pini tatu bapa, sawa na Kenya.

Ijumaa: usharikani

Daladala ya Machame, 2,000. Barabara inapanda kati ya migomba na kahawa, hewa inapoa ghafla. Mwanafunzi alitaka kutoa kamera mara tu tulipoingia ofisini. Baba mchungaji alimwambia kwa upole aiache begini, kwanza wale. Ulikuja mtori wa moto, mwingine ukaongezwa bila kuuliza, na mazungumzo yakachukua mchana wote.

Kwanza likaja suala la ridhaa. Usharika ulikuwa na fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, yenye visanduku vitatu: picha itundikwe kanisani, itumike kwenye taarifa kwa wafadhili, iwekwe mtandaoni. Mtu huweka alama anapotaka. Asiyeandika huweka dole gumba, na mtu wa tatu asiye wa timu hushuhudia. Mtoto hasaini, husaini mzazi au mlezi, na mtoto akikataa kwa mwili wake, akageuza uso, hapo pameisha hata kama mama amekubali. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya 2009, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha ya uso ni taarifa binafsi kama namba ya simu. Wengi wanaokuja kutumika hudhani kanisa limewaombea ruhusa watu wake wote kwa mkupuo. Halijawaombea, wala halina uwezo huo.

La pili lilikuwa la madhabahuni. Bila flashi ibadani. Asipite mbele ya altare. Kamera iwe chini wakati wa maungamo, wakati wa kuwaombea wagonjwa, na wakati wa Chakula cha Bwana, kuanzia maneno ya kuweka wakfu hadi shukrani.

Hili la mwisho lilimuuma. Alikuwa amekuja na picha hiyo kichwani: mikono ya mzee na kikombe. Hakubishana, ila usiku aliandika nusu ukurasa kulalamika.

Wenye kufuata njia hii wajue: kipawa cha mikono kina heshima katika Maandiko. Bezaleli, katika Kutoka 31, ndiye anayetajwa kujazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kubuni kazi za ustadi, za madini, za vito na za kuchonga miti. Mwinjilisti wa usharika alimwonyesha sura hiyo ili ajue kazi yake si ya kubahatisha kanisani. Kisha akamwambia asome na sura inayofuata, 32, ya ndama wa dhahabu. Huko nako kuna mafundi.

Jumamosi: diakonia

Timu ilikuwa mama wa diakonia, mwinjilisti, mzee wa kanisa na mwanafunzi. Mzigo wa kila nyumba: unga kilo 5, sukari kilo 2, mafuta ya kupikia lita 1, mche wa sabuni. Tulitembea kwa miguu. Njia za vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, ni nyembamba, zina mifereji ya maji pembeni, na mvua ya usiku huzigeuza utelezi. Viatu vya mpira wa kushika, si raba za mjini.

Kabla ya kutoka lilisomwa Mathayo 6, pale Yesu anapokataza kutoa sadaka ili kuonekana na watu, mkono wa kushoto usijue ufanyacho wa kulia. Lilikuwa somo la siku tu katika mpangilio wao. Lakini kwa mtu aliyebeba kamera kwenda kupiga picha za sadaka ikitolewa, halikupita hivi hivi. Aliuliza njiani: kama ndivyo, nimekuja kufanya nini? Mama wa diakonia alimjibu kwamba wafadhili wanataka kujua unga umefika, na hilo halina ubaya. "Sasa wewe tafuta namna ya kuonyesha umefika bila kumsimamisha mtu kama gunia."

Nyumba ya pili ndiyo iliyotoa jibu. Bibi wa miaka themanini na kitu, mjane, ng'ombe mmoja wa maziwa bandani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka mbali."

Fomu ikasomwa, bibi akasikiliza hadi mwisho. Akaonyesha unga kwa kidole. "Huo uwekeni ndani kwanza. Mimi sipigwi picha na unga. Nipige na ng'ombe wangu."

Kisanduku cha kwanza aliweka dole, cha pili akaweka, cha mtandaoni akakataa. Akaingia ndani kubadilisha kitenge na kufunga kilemba cheupe, akachukua muda wake, timu yote ikangoja.

Mwanga wa chini ya migomba una tatizo lake. Jua hupita kwenye majani, likawapaka watu ukijani usoni, na ngozi nyeusi hugeuka rangi ya mgonjwa. Mizani ya nyeupe ya kamera, ile inayorekebisha rangi kulingana na mwanga, ikiachwa ijiendeshe hubahatisha, mara ukijani, mara zambarau. Suluhisho ni moja kati ya mawili: mtoe mtu kwenye uwazi penye anga, au piga kwanza picha ya karatasi nyeupe pale ulipo uso wake, na utumie hiyo kuweka mizani. Bibi alisimama kwenye mlango wa banda, uso ukitazama nje. Lenzi ya 50, f/2.8, shata 1/160, ISO 800. Tatizo la pili: nyuma palikuwa giza, kamera ikaona giza ikaongeza mwanga, na kilemba kikaungua kuwa weupe mtupu usio na nyuzi. Mwanafunzi alipunguza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua (stop), akapima kwenye shavu, ikakaa. Alipiga sita tu. Kwa kawaida yake, anasema, angepiga sitini.

Nyumba zilizobaki alipiga vitu: viatu vya timu vikiwa na tope mlangoni, mizani ya duka ikipima sukari, daftari la diakonia lenye alama ya vyema likiwa limefunikwa majina kwa karatasi. Unga umefika, inaonekana, na hakuna mtu aliyeshika gunia. Nyumba mbili watu walikataa kabisa. Kamera ikabaki begini, tukanywa chai, tukaimba, tukaomba, tukaondoka. Mama wa diakonia alimwona mwanafunzi akiwa ameinamisha kichwa kweli kweli kwenye sala ya nyumba ya mwisho, akatukonyeza.

Jumapili: ibada mbili na mnada

Ushauri huu umpate kila mpiga picha wa kanisa: kama kuna ibada mbili, ya kwanza kaa, ya pili piga. Ya kwanza ilianza saa moja kamili. Mwanafunzi alikaa safu ya nne na kitabu cha nyimbo, bila kamera. Kwa kukaa tu alijua kwaya ipi inaingia kwa mlango gani, jua linaingia madirisha ya kushoto hadi saa ngapi, na mhubiri huegemea upande upi. Faida ya ufundi hiyo. Faida nyingine iko kwenye daftari lake, na ameruhusu tuitaje: tangu aanze kuwa mpiga picha wa kanisa lao, hakukumbuka ibada aliyoisikiliza kuanzia wito hadi baraka. Alikuwa kanisani kila Jumapili, na kila Jumapili alikuwa kazini. Mchungaji alimkaribisha Mezani. Alikula mkate bila kufikiria pembe ya picha, na Ijumaa ile aliyolalamika aliirudia kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "Sasa nimeelewa."

Wapiga picha wa kanisani, wa kwetu hasa, wengi tunaishi hivyo miaka bila kujitazama.

Ibada ya pili, saa nne, alifanya kazi. Lenzi ya 35 kwa kwaya, ya 85 kwa mhubiri, akipiga kutoka ubavuni nyuma ya nguzo. Taa za kanisa ni za LED, na umeme wetu ni wa hezi 50, basi shata ya 1/100 au 1/50 ndiyo salama. Ukienda 1/250 baadhi ya picha hutoka na giza au rangi ya ajabu. Shata ya kimya ya kielektroniki inavutia kwa sababu haina kelele, lakini chini ya LED huchora mistari ya mlalo juu ya picha. Heri mlio mdogo wa shata ya kawaida wakati kwaya inaimba, na kunyamaza kabisa wakati wa sala. Kanzu nyeupe za kwaya hufanya kinyume cha banda la bibi: kamera huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, nyuso zikawa giza. Hapo unaongeza, kati ya nusu na hatua nzima, ukichunga kanzu zisiungue.

Baada ya ibada, mnada nje. Watu hutoa sadaka kwa mazao: mikungu ya ndizi, mayai, parachichi, jogoo aliyefungwa miguu. Kila kitu hunadiwa na fedha huingia kwenye sadaka. Mkungu ulianzia 8,000 ukaishia 20,000, kwa utani mwingi wa mnadi. Hapa kamera iko huru, watu wenyewe wanaita "dada, huku!" Jua la saa sita liko utosini kabisa, macho hugeuka mashimo meusi, hivyo mwanafunzi aliwafuata watu chini ya mti wa mparachichi penye kivuli kimoja kisicho na madoa ya jua. Mzee mmoja alinunua mkungu akatangaza ni wa mgeni kutoka Kenya. Mgeni akipewa hivyo husimama, hushukuru, na hakatai. Mkungu ulibaki nyumba ya mchungaji, ukatulisha siku mbili.

Jumatatu na Jumanne

Mvua, umeme unakwenda na kurudi, kazi ya kompyuta.

Utaratibu wa kuhifadhi: kila jioni kadi hunakiliwa kwenye diski ya kwanza, kisha ya pili, na diski hizo hazilali begi moja. Kadi haifutwi hadi picha zimefunguka kutoka diski zote mbili, kwa kuzitazama kwa macho, si kwa kuamini kwamba kunakili kumekamilika. Mvua ikinyesha na kamera imetoka kwenye baridi, iache ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa kabla ya kuitoa jikoni penye moto, la sivyo ukungu huganda ndani ya lenzi. Mifuko ya plastiki ya kawaida imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, basi kinga ya mvua iwe ya kitambaa kisichopitisha maji. Zima rekodi ya mahali kwenye kamera na simu. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha, taarifa hizo huondolewa. Ikitumwa kama waraka, hubaki zote, pamoja na nyumba ya mtoto ilipo.

Jumanne usiku umeme uliporudi tulitazama kumbukumbu za picha za misheni ambazo Chuo Kikuu cha Southern California kimeziweka mtandaoni, zikiwemo za Leipzig za Kilimanjaro: walioishi Machame tangu 1893 wakajenga, wakafundisha, wakapiga picha. Picha ni nzuri. Maelezo chini yake, mengi humtaja mmisionari kwa jina na wenyeji kwa kabila, au "mke wa" fulani, au "wanafunzi". Mwanafunzi alirudi kwenye picha zake akakuta ameandika "bibi na ng'ombe, Machame". Akaanza upya, kila picha na jina kama mwenyewe anavyopenda kuitwa, na kama alikataa jina, basi aliyoyasema yeye kuhusu picha yake. Kazi ya saa moja ikawa ya usiku mzima.

Jumatano: jumuiya

Jumuiya hukutana saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla watu hawajaenda shamba. Nyumba ndogo, watu kumi na wawili, taa ya betri, wimbo, neno, maombi ya zamu. Kamera hakwenda nayo, na mara hii hakuna aliyemwambia aiache. Zamu ilipomfikia aliombea watu wa nyumba alizozitembelea, kila mmoja kwa jina lake, hata wa zile nyumba mbili zilizokataa picha. Majina aliyokesha nayo kwa ajili ya maelezo yalikuwa yamegeuka orodha ya maombi. Tangu hapo daftari lake halikuandika tena idadi ya picha za siku.

Chai ya maziwa na kiburu, chakula cha ndizi na maharage, baadaye. Mama mwenye nyumba alikataa katakata kusaidiwa kuosha vyombo, kisha akakubali.

Alhamisi: kusafisha picha Moshi

Picha zilizoahidiwa huchapwa, hazitumwi tu kwa simu ya mjukuu. Studio ya mjini ilituchaji 700 kwa moja ya 4R, yaani inchi 4 kwa 6. Andaa faili za pikseli 1800 kwa 1200, rangi ya sRGB. Omba wazime marekebisho ya mashine, kwa sababu mashine nyingi zimepangwa kung'arisha nyuso, na uso mweusi hutoka wa kijivu kama uliopakwa majivu. Chapa tatu kwanza, zitazame nje juani, ndipo uruhusu zilizobaki. Tatu za mwanzo zilirudi na majivu hayo. Kijana wa studio alizima marekebisho, akarudia bila kudai, na zikatoka watu kama walivyo.

Chakula: machalari na nyama karibu na stendi, 5,000, tukashiba hadi usiku.

Ijumaa: kurudisha

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Kibo ilikuwa wazi yote, theluji ikiwa na rangi ya chungwa upande wa mashariki. Mwanafunzi alipiga picha tatu kutoka njia ya juu akafunga begi. Robo saa baadaye wingu lilikuwa limeanza.

Bahasha zilipelekwa nyumba kwa nyumba. Zile nyumba zilizokataa nazo alizipitia, mikono mitupu, kusalimia tu. Bibi alipokea yake kwa mikono miwili, akaisogeza mlangoni, akaitazama muda mrefu sana.

"Mimi niko vizuri. Lakini huyu ng'ombe, mbona pembe moja haipo?"

Kweli, pembe ya kushoto ilikuwa imekatwa na ukingo wa picha. Hakuna aliyeiona, si mwanafunzi wala sisi. Ng'ombe akatolewa tena, kitenge kikabadilishwa tena, na mara hii mwanafunzi alirudi nyuma hatua mbili na kumwonyesha bibi kwenye kioo cha kamera kabla ya kumshukuru. Bibi akahesabu pembe kwa kidole, akaafiki.

Jumamosi: nyumbani

Usharika ulikabidhiwa diski moja: faili ghafi kwenye folda moja, zilizokamilika kwenye nyingine, na jedwali la ridhaa lenye namba ya kila picha na visanduku vyake. Mtu akija mwakani kufuta ridhaa yake, katibu ataijua picha kwa namba bila kumpigia simu mtu wa Nairobi. Mwanafunzi alibaki na nakala za zile zenye ridhaa ya mtandao tu; nyingine alizifuta mbele ya mchungaji kwa hiari yake.

Mpakani orodha yenye muhuri ilitazamwa, namba mbili zikalinganishwa, akapita.

Picha mpya ya bibi, yenye pembe zote mbili, tuliyobaki nayo sisi kwa ajili ya kuichapa tu, tuliichapa Arusha Jumatatu yake na kuituma Moshi kwa basi: 3,000 kwa kifurushi kidogo, kisha bodaboda hadi usharikani 6,000, ghali kuliko picha yenyewe kwa mbali. Kwa atakayetuma hivyo: weka picha kati ya makaratasi magumu mawili, andika jina na simu ya mpokeaji kwa kalamu ya wino usiofutika, chukua namba ya gari na simu ya kondakta, na mjulishe mpokeaji kabla basi halijatoka stendi.